Deni la Kodi na Deni la Mtoto: Lipi Litangulie?

Dereva wa lori aliyeajiriwa Marekani hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Mwenzake aliyejiajiri, anayelipwa kwa fomu ya 1099, hupokea fedha zote mkononi, na bili ya kodi humngoja mbele. Wenzetu wengi wanaoendesha malori na teksi huko wako kundi hili la pili.

Tuseme dereva amebakiwa na faida ya dola 40,000 baada ya kutoa mafuta na matengenezo. Kodi ya waliojiajiri, ambayo ni michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ni asilimia 15.3, ikipigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida hiyo. Inafika kama dola 5,650, na kodi ya mapato bado haijahesabiwa. Ikiwa anadaiwa pia malimbikizo ya matunzo ya mtoto, aanzie wapi?

Aanze kwa kuwasilisha ritani ya kodi, hata kama mfukoni hana senti. Kutowasilisha huadhibiwa vikali kuliko kutolipa. Kwa deni la dola 8,000, kuchelewesha ritani miezi mitano kunaweza kuongeza dola 2,000. Aliyewasilisha kwa wakati lakini hajalipa, adhabu yake kwa miezi hiyo ni kama dola 200. Riba inawahusu wote wawili.

Kisha aende kwa mtoto. Tangu mwaka 1986, sheria ya shirikisho humzuia hakimu kupunguza malimbikizo yaliyokwisha kuiva. Kipato kikishuka, agizo la mahakama halishuki lenyewe. Nafuu haiwezi kuanzia kabla ya tarehe mzazi mwenzako alipoarifiwa kuhusu ombi lako la kulipunguza. Kila mwezi unaopita bila ombi ni deni lisilofutika. Malipo nayo yapitie ofisi ya jimbo inayosimamia matunzo. Fedha unazompa mama wa mtoto mkononi zinaweza kuhesabiwa zawadi, na deni likabaki palepale.

Ukaidi una gharama. Malimbikizo yakizidi dola 2,500, raia hunyimwa pasipoti, na majimbo yana mamlaka ya kusimamisha leseni ya udereva, ambayo kwa dereva ndiyo riziki yenyewe. Anayeomba uraia huulizwa habari za kodi na za matunzo pia. Na marejesho ya kodi yasitegemewe: serikali huyakata kwanza kwa deni lake la kodi, kisha kwa malimbikizo ya mtoto.

Sasa aigeukie idara ya kodi, IRS. Huyu ni mdai anayezungumzika. Mwenye deni lisilozidi dola 50,000, aliyekwisha kuwasilisha ritani zote, anaweza kuomba mtandaoni alipe kwa awamu za kila mwezi. Akishindwa kumudu awamu hizo, IRS hukagua mapato na matumizi yake, na hapo matunzo yaliyoagizwa na mahakama huingizwa kwenye matumizi ya lazima, mradi athibitishe kwamba anayalipa kweli. Risiti za ofisi ya jimbo ndizo zinazoshusha kiasi atakachotakiwa kulipa kila mwezi. Agizo ambalo halilipwi halimsaidii kitu. Wala asichanganye mambo: matunzo hayapunguzi kipato kinachotozwa kodi.

Kwa hiyo mtoto atangulie, na kodi ifuate kwa makubaliano ya maandishi. Makubaliano hayo yana sharti ambalo wengi hulisahau: kodi ya mwaka mpya isilimbikizwe, la sivyo yanaweza kuvunjwa. Aliyejiajiri hulipa makadirio mara nne, kwa kawaida ifikapo tarehe 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Anayesubiri amalize madeni ya zamani ndipo aanze kulipa ya sasa, mwaka ujao atarudi mezani na deni jipya juu ya lile alilokuwa akilipunguza.