Kupita mbele kwenye mulongo: nani anafaidika, nani analipa?

 Kuna wazo moja linalotembea kwetu siku hizi: kwenye robine ya maji tuweke mistari miwili. Mwenye kulipa bei ya kawaida afanye mulongo kama tulivyozoea. Mwenye kuongeza franka 200 apite kwenye mstari wa mbio. Wanaolisifu wanasema: “Hata kule Marekani, kwa Disney, ni hivyo.” Ni kweli, ni hivyo. Lakini tukitaka kuiga kitu, tuangalie kwanza kimefanya nini kule kilikotoka, halafu turudi kwenye bidoni zetu.

Disney wana bustani kubwa za burudani. Ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa California mwaka 1955. Mutu analipa mlangoni, anaingia, na ndani kila mchezo una mulongo wake. Siku za umati, mchezo wa dakika chache unaweza kungojewa saa nzima na zaidi. Mwaka 1999 wakaleta mpango ulioitwa FastPass. Ulikuwa bila malipo ya ziada: unafika kwenye mchezo, mashine inakupa karatasi yenye saa ya kurudi, unaenda kutembea, unarudi saa ile na kupita kwenye mlango wa mbio. Mpango ulisimama mwaka 2020 wakati wa Covid, na haukurudi tena. Oktoba 2021, kule Florida, ukaja mwingine, Genie+, na huo ulianza kwa dola 15 kwa kila mutu kwa siku. Oktoba 2024 wakaongeza tiketi ya juu zaidi ya kupita mbele, ambayo bei yake Florida iliweza kufika dola 449 kwa mutu mmoja, siku moja, mbali na tiketi ya kuingia. Kutoka bure hadi dola 449 ni miaka 25. Hiyo njia tuiweke akilini.

Sasa tufanye hesabu, maana tumesoma. Tuseme bidoni moja ya litre 20 inajaa kwa dakika 2. Basi robine inatoa bidoni 30 kwa saa. Ukiweka mstari mmoja, miwili au mitano, maji yanayotoka kwenye bomba ni yale yale: bidoni 30. Saa 12 asubuhi kuna bidoni 90 chini? Ya mwisho itajaa saa 3. Ukipeleka wengine mbele, ya mwisho itajaa saa 3 vilevile. Kilichobadilika ni nani atakuwa wa mwisho. Dakika alizookoa mmoja, mwenzake amezibeba mgongoni.

Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho macho hayaoni haraka. Wenye kulipa hawaji wote asubuhi. Wanakuja mmoja mmoja, siku nzima. Tuseme kila saa, kati ya bidoni 30, mstari wa mbio unachukua 20. Mstari wa kawaida unabaki na 10. Mama aliyekuta bidoni 30 mbele yake alikuwa angoje saa 1. Sasa atangoja saa 3. Yeye anaona mulongo ni ule ule mfupi wa kila siku, lakini hausogei. Ndivyo inavyokuwa pia kule kwenye bustani za burudani: mlango wa mbio unapopewa sehemu kubwa ya nafasi za mchezo, mulongo wa kawaida unasimama kama gari iliyozama kwenye matope.

Kwa hiyo kupita mbele ni kubaya siku zote? Hapana, na hapa ndipo nataka tutofautishe mambo, kwa sababu kwetu tunayachanganya yote katika mfuko mmoja.

Kwanza kuna kupita mbele kwa sababu ya shida. Kwenye kituo cha afya, mtoto anayeharisha maji matupu anapitishwa bila namba, na hakuna anayenung’unika. Sisi wa upande wa Uvira tunaijua kolera. Saa moja inaweza kuwa kifo. Kila aliyeketi pale kwenye benchi anajua kesho anaweza kuwa yeye. Mama mwenye mimba, mzee, mlemavu, ni vivyo hivyo kwenye robine. Mulongo huo unarudi nyuma kidogo, lakini unakubali.

Pili kuna kupewa saa, kama ile karatasi ya 1999. Sisi tunaita jetoni. Unachukua namba yako, unaenda, unarudi saa yako. Hesabu ya maji haibadiliki, lakini maisha ya mwenye kungoja yanabadilika. Hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Kule kwenye bustani ya burudani, mutu akishapewa saa ya kurudi, anaenda wapi? Anaenda kufanya mulongo kwenye mchezo mwingine. Kila mutu anafanya hivyo, basi milongo ya michezo mingine inarefuka. Muda uliookolewa huku unaliwa kule. Lakini mama wa Lubarika akipewa jetoni ya saa 4, haendi kwenye robine nyingine. Anaenda shambani, kwenye mpunga au muhogo wake. Binti yake anaenda masomoni, halafu mwingine wa nyumbani anakuja saa ile kuchota. Jetoni ile ile iliyowasumbua matajiri wa Florida inaweza kutufaa sisi kuliko wao, kwa sababu sisi tuna kazi inayotungoja nje ya mulongo.

Tatu kuna kuongeza mashine. Kule Nairobi, mwaka 2022 walifungua barabara ya kulipia, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hata jina la Mlolongo lenyewe linakuchekesha: ndiyo mulongo wetu huu huu. Mwenye haraka analipa, na kwa sehemu ya njia anapita juu ya barabara ya zamani. Unaweza kulalamika kwamba maskini amebaki chini kwenye msongamano, na una haki ya kuuliza. Lakini gari linalopita juu halichukui fasi ya gari lililo chini. Ni kama robine ya pili iliyojengwa kwa pesa za wenye kulipa. Mstari wa mbio wanaotaka kwetu haujengi robine ya pili. Unagawa upya ile moja.

Nne ndiyo hiyo ya kuuza fasi. Wanaoitetea wana hoja moja nzuri, na ni haki kuisema. Haraka za watu si sawa. Mwalimu anayechelewa darasa na kijana anayepiga soga pale robine hawapotezi kitu kimoja. Acha mwenye haraka alipe, wanasema. Hoja hiyo ingesimama kama mifuko yetu ingekuwa sawa. Mjane mwenye watoto sita anaweza kuwa na haraka kuliko wote, na franka 200 hana. Bei inapima mfuko kwanza, haraka baadaye.

Kisha fikiria anayeuza. Kama mulongo wa kawaida ni mfupi, nani atanunua mbio? Hakuna. Basi mwenye kuuza anapata faida mulongo wa kawaida ukiwa mrefu, na hana sababu tena ya kutengeneza bomba linalovuja. Tunalijua hilo kutoka kwenye biro zetu. Kuna fasi nilingoja karatasi moja siku tatu, nikiangalia wenye matabishi wakiingia na kutoka kwa dakika 10. Disney angalau wanatangaza bei na wanaweka kikomo cha tiketi. Matabishi hayana bei wala kikomo. Lakini kwa yule wa nyuma matokeo ni mamoja: anasukumwa na mutu asiyemwona.

Kwenye burudani, aliyechoka na mulongo anaenda kula aisikrimu. Kwenye maji, aliyechoka anachukua bidoni na kuteremka mtoni. Binti wa miaka 12 aliyekuwa angoje saa 1, akiona saa 3, hatangoja. Atachota pale ambapo wengine wanaoga na mifugo inakunywa, na kolera ikiingia haitauliza nani alilipa 200. Itapita hadi kwa wenye mstari wa mbio pia.

Kaka na dada, wengi wetu tutakuwa kwenye komite ya maji, kwenye kituo cha afya, kwenye ugavi wa misaada, nyuma ya dirisha la biro. Siku mutu atakapoleta mpango wa kupita mbele, tumwulize maswali matatu. Anayepita mbele, dakika zake zinatoka kwa nani? Anayengoja, akipewa saa, ana kazi ya kwenda kufanya? Pesa zinazolipwa, zinajenga robine ya pili au zinaingia mfukoni?

Kwa robine yetu, jibu langu ni hili: wagonjwa, wazee na wenye mimba wapite bila kulipa, wengine wote wapewe jetoni yenye saa, asubuhi na jioni, na kama kuna wenye franka 200 za kuongeza, ziandikwe kwenye daftari mbele ya watu wote na zinunue bomba la pili. Daftari, jetoni za karatasi na mutu mmoja anayejua kuhesabu saa: hivyo tunavyo tayari.