Istilahi za Ukunga: Mkao, Mlalo na Wima

Mfasiri wa maandiko ya ukunga hukutana mapema na dhana iliyo nyepesi kuielewa lakini nzito kuitaja: jinsi mwili wa mama unavyokaa wakati wa utungu na wa kujifungua. Jambo hili si la wanalugha peke yao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama asiye na hatari maalumu ahimizwe kutembea na kuwa wima wakati wa utungu, na ajifungue kwa mkao anaouchagua mwenyewe. Pendekezo hilo likifasiriwa vibaya, litatekelezwa vibaya.

Sababu zake ni wazi. Mama alalapo chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu iendayo kwa mtoto huweza kupungua. Tena, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kuwa hatua ya kwanza ya utungu ilipungua kwa takriban saa 1 na dakika 22 kwa akina mama waliokuwa wima au wakitembea, wakilinganishwa na waliolala.

Na tuyatazame maneno yenyewe.

(a) Mkao. Wapo wanaolikataa neno hili kwa kuwa huwaza kiti. Lakini kukaa kwa Kiswahili ni zaidi ya kuketi: mtu hukaa mjini, hukaa kimya, na nguo humkaa. Kwa hiyo mkao wafaa kuwa istilahi ya jumla, ikijumuisha kusimama, kuketi na kulala.

(b) Mlalo. Neno hili lifaa kuachiwa mtoto aliye tumboni, kama katika mlalo wa kukingama. Likitumiwa kwa mama na kwa mtoto katika ukurasa mmoja, msomaji hatajua ni nani aliyelala.

(c) Wima. Hapa ndipo penye mtego. Kwa kawaida wima ni kusimama. Katika ukunga dhana hiyo huwaingiza pia aliyeketi, aliyepiga magoti na aliyechutama. Mkunga asomaye “mama awe wima” aweza kumsimamisha aliyechoka, au kumrudisha kitandani akidhani hakuna njia ya tatu. Inapendekezwa iandikwe: “kiwiliwili kikiwa wima”, na mifano itajwe.

(d) Kuchutama, kuchuchumaa, kupiga magoti, kuegemea, kulala ubavu. Maneno haya yamo vinywani mwa watu. Hapana haja ya kukopa wala kuunda.

(e) Kujifungua. Kirejeshi -ji- chaonyesha kuwa mtendaji ni mama. Kuzalisha ni kazi ya mkunga. “Amezalishwa” ni sahihi kisarufi, ila humfanya mama kuwa mtendwa; katika maelezo yahusuyo hiari yake, kujifungua ndilo neno.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kitenzi. “Mama achutame” ni amri. “Mama aweza kuchutama, akipenda” ni ruhusa. Shabaha ya pendekezo si kuiondoa amri ya kulala chali na kuweka amri nyingine mahali pake. Mfasiri atakayechunga hali ya kitenzi atakuwa ameichunga pia hiari ya mama.