Ngeu au Bizari: Uulize Ukuta Wako

Sebule yangu hapa Dodoma ina dirisha moja tu, linaloangalia magharibi. Nilipotaka kuipiga rangi ya udongo, nilikwama kati ya mbili: ya ngeu, wekundu ule wa tofali la kuchoma, na ya bizari, manjano iliyokolea. Nilikuwa nimeshika katalogi, fundi akanizuia. "Mama, karatasi haina dirisha. Tuuulize ukuta."

Kwenye ukuta unaotazamana na dirisha akapiga vipande viwili, kila kimoja mita kwa mita, mikono miwili. Tukaviacha vikauke.

Asubuhi, jua likiwa nyuma ya nyumba, bizari ilitulia na chumba kikaonekana kipana. Ngeu ilikuwa nzito, karibu na kahawia. Saa kumi na moja jioni jua likaingia dirishani. Ngeu ikawaka kama kaa la moto, bizari ikawa kali hadi kuchosha macho. Usiku, chini ya taa nyeupe, bizari ilivuta ukijani na ngeu ikafifia. Tulipofunga taa ya mwanga wa manjano, zote mbili zikachangamka.

Ajabu ni kwamba rangi hizi ni ndugu. Asili yake ni udongo wenye chuma, na katika ule wa manjano chuma hicho kimeshikana na maji. Uchome motoni, maji yatoke, nao utageuka mwekundu. Wekundu huo haupauki upesi: michoro mingi ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ya udongo mwekundu na bado inasomeka. Kinachozitofautisha chumbani ni mwanga: manjano huurudisha, wekundu huumeza.

Basi ukuta ule wa sebuleni nikaupa ngeu, kwa kuwa sisi hukaa pale jioni. Korido, isiyo na dirisha hata moja, nikaipa bizari, na sasa mchana tunapita bila kuwasha taa.

Nawe unayejiandaa kupaka, usianze na ndoo ya lita 20. Nunua kopo dogo la kila rangi, pima ukutani kwako, usubiri ikauke. Itazame asubuhi, jioni na usiku, chini ya taa unayotumia kila siku. Ndipo uamue.