Deki ya DVD Nyumbani na Kuwahifadhisha Watoto Qur'ani

Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Ta'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake.

Kila chuo kinapofungwa kwa likizo, wazee hutuuliza kama inafaa mtoto aendelee kuhifadhi kwa deki iliyopo nyumbani. Jawabu letu ni kuwa inafaa, kwa sharti kwamba deki iwe msaidizi wa mwalimu, isiwe ndiyo mwalimu. Hukumu ya chombo hiki inafuata kile kinachotiwa ndani yake, na hilo limeshaelezwa sana. Kinachoelezwa kidogo ni namna ya kukitumia. Tunawaona watoto wakirudi chuoni na makosa ambayo hawakuyatoa kwa mwalimu wala kwenye msahafu, bali kwenye rimoti.

Kitufe chenye faida kubwa kwa anayehifadhi ni kile kilichoandikwa A-B. Ukikibonyeza mara ya kwanza, deki inashika hapo kuwa ndio mwanzo. Ukikibonyeza mara ya pili inashika mwisho, na kipande hicho kitarudiwa tena na tena mpaka ubonyeze mara ya tatu. Chagueni kisomo cha taratibu, kama cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerikodi Qur'ani nzima mwaka 1961, kwani kila herufi yake inasikika inapotokea. Kisha bonyezeni ule wakati msomaji amenyamaza baina ya aya na aya. Mkichelewa kidogo tu, herufi ya mwanzo inaliwa, na mtoto mdogo ataisoma Suratul Ikhlas bila ya "qaf" yake kwa sababu ndivyo alivyosikia mara hamsini. Tena deki nyingi hazirudi hasa pale pale mlipobonyeza. Kwa hiyo, baada ya kuweka, sikilizeni wenyewe mzunguko mmoja au miwili kabla ya kumwachia mtoto.

Lakini kubwa zaidi ni pahala pa kukata. Elimu ya waqfu imewekwa ili maana isiharibike, na deki haiijui elimu hiyo. Chukueni Suratul Maa'un, ambayo takriban kila mtoto wetu anaihifadhi. Aya ya 4 inawaonya wanaosali, na ni aya ya 5 inayobainisha kuwa wanaokusudiwa ni wale wanaoghafilika na Sala zao. Wapo wanavyuoni wanaojuzisha kusimama mwisho wa aya ya 4 kisha kuendelea, ila kuikata peke yake na kuizungusha nusu saa sebuleni ni jambo jengine kabisa. Mtoto anahifadhi onyo kwa wenye kusali, na nyumba nzima inalisikia hivyo hivyo. Hapo wekeni A mwanzo wa aya ya 4 na B mwisho wa aya ya 5 au zaidi. Msiojua wapi pa kusimama, angalieni alama za waqfu kwenye msahafu, au muulizeni maalim wa mtoto kabla chuo hakijafungwa.

Kitufe cha mwendo wa pole hakisaidii, kwa kuwa deki nyingi hukata sauti kinapobonyezwa. Kitufe cha kusimamisha, kwenye deki nyingi, ukikibonyeza mara moja pahala ulipofika hukumbukwa, na ukikibonyeza mara mbili unarudi mwanzo. Umeme ukikatika huenda hata kumbukumbu hiyo ikapotea, na sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa kuhusu umeme kukatika. Mtoto aandike namba ya aya kwenye daftari. Na wakati wa kula na kuzungumza, deki izimwe, kwani katika Suratul A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa kuisikiliza Qur'ani inaposomwa na kunyamaza.

DVD mnazoletewa na jamaa kutoka Umra, Dubai au Maskati zikikataa kucheza, msizitupe. Nchi hizo zimo katika eneo namba 2 la DVD, na sisi tumo namba 5, hivyo deki iliyofungwa kwa eneo letu inaweza kuzikataa ingawa ni nzima. Na DVD ikiwa na vumbi, ifuteni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuizungusha.

Mtoto akiachiwa rimoti, wazee huuliza pia kuhusu kufuli la deki, lile lenye daraja 1 hadi 8 na namba ya siri. Lipo, na lifungeni, ila mjue linavyofanya kazi. Deki haioni picha ikajua kuwa ni mbaya. Inasoma alama iliyotiwa na mtengenezaji wa DVD. DVD isiyo na alama hiyo, na nyingi zinazonakiliwa mitaani hazina, inapita kama kwamba kufuli halipo. Flashi ikichomekwa ni hivyo hivyo. Na ile namba ya siri ya kiwandani aghlabu imechapishwa kwenye kitabu cha maelezo, ambacho watoto wetu hukisoma kabla yetu. Ibadilisheni, na deki ikae ukumbini wanapopita watu, isiwe chumbani kwa watoto.

Limebaki suala la sijda, kwa sababu katika Juzuu Amma zipo mbili kwa madhehebu ya Shafi'i: Suratul Inshiqaq aya ya 21 na Suratul 'Alaq aya ya 19. Je, mtoto asujudu kila deki inaporudia? Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema sauti iliyorikodiwa haina sijda, kwani hakuna anayesoma wakati huo. Ama mtoto akiisoma mwenyewe, ni Sunna asujudu. Na akiikariri mara nyingi katika kikao kimoja kabla hajasujudu, sijda moja inamtosheleza.

Wallahu A'alam.