Nyuklia Inakua, Sisi Tuko Wapi?

Wenzangu wengi wakisikia nyuklia wanawaza bomu. Jamani, mtambo ule ni kama birika kubwa tu: viini vya urani vinapasuliwa, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine za kufua umeme.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kujenga Barakah mwaka 2012. Kufikia 2024 mitambo yote 4 ilikuwa kazini, ikitoa takriban robo ya umeme wa nchi. Misri nayo ilianza El Dabaa mwaka 2022.

Na sisi? Urani tunayo, kule Mto Mkuju, Namtumbo. Lakini mgodi peke yake hauwashi taa. Tusiposomesha wahandisi na wakaguzi wa mionzi kuanzia sasa, naona tutabaki wakata kuni wa jiko la wenzetu.