Kamiyo yetu imefika wapi?

Ndugu wanachama, kamiyo ya koperative imetoka asubuhi na magunia ya viazi. Jioni haijafika sokoni. Telefone ya shoferi haipatikani, maana njiani hakuna rezo. Imekwama kwenye matope? Imevunjika springi? Hakuna anayejua. Mnunuzi anangoja, akichoka anakwenda kununua kwa mwingine. Viazi vinaanza kuoza. Hasara hiyo si ya shoferi peke yake, ni ya kila mmoja aliyepima muzigo wake kwenye depo.

Kuna watu waliotafuta dawa ya shida hii bila kungoja rezo. Ni watu wa redio ya ridhaa, wale wanaotumia redio kwa kupenda tu, si kwa mshahara. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Bob Bruninga. Mwaka 1984 alitumia VIC-20, kompyuta ndogo ya nyumbani, ili kujua farasi wamefika wapi katika mbio za maili 100, ni kusema kilometa 160 hivi. Kazi yake ilikua, ikazaa mtindo unaoitwa APRS. Leo unatumika katika nchi nyingi kufuata motokari.

Inafanya kazi namna gani?

Chombo cha GPS ndani ya motokari kinasikiliza setelaiti na kujua mahali kilipo. Lakini GPS peke yake haimwambii mtu wa mbali. Kwa hiyo inaunganishwa na redio. Kila dakika chache redio inatuma ujumbe mfupi sana: mimi ni nani, niko wapi, ninakwenda mbio gani. Kituo kilicho juu ya mlima kinaupokea na kuurudia, na kingine vilevile, mpaka ufike kwenye kompyuta yenye ramani. Huko Ulaya wanatumia masafa ya 144.800 MHz. Mawimbi hayo hayapenyi mlima, ndiyo sababu kituo cha kurudia kinawekwa juu kabisa.

Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, redio ya ridhaa ni ya mwenye leseni, na hairuhusiwi kwa biashara. Koperative inayobeba muzigo wa kuuza inapaswa kuomba kwa serikali ruhusa ya redio ya kazi. Pili, ujumbe wa APRS haufichwi. Kila mwenye redio anaweza kusikia kamiyo iko wapi, hata mwizi. Pale ambapo njia si salama, jambo hilo lifikiriwe mapema.

Tuanzie wapi?

Tusingoje kompyuta. Kama koperative iko na fonii yenye ruhusa, ndani ya kamiyo na kwenye depo, tunaweza kufanya hivi:

- Kabla ya safari, tuchague vituo vya njia: daraja, kivuko, soko. Kila kimoja tukipe namba.
- Tupange saa za kuita. Shoferi anasema namba tu, hataji muzigo wala pesa.
- Mtu wa depo anaandika namba na saa ndani ya daftari.
- Saa ikipita kimya, aite tena. Akikosa jibu mara ya pili, amwarifu mnunuzi na kamati ianze kutafuta msaada.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kamiyo ni vilevile.