Istilahi za Uhandisi wa Ndege: Sega, Ngozi na Kubanduka

Mfasiri wa maandiko ya uhandisi wa ndege hukutana na dhana ya bamba la madini lenye uzito mdogo lakini gumu kupinda. Bamba hilo hufanywa kwa mabati mawili membamba, na baina yao huwekwa kiini cha madini membamba kama karatasi, kilichoundwa vijumba vya pande sita vinavyosimama wima. Kazi ya kiini ni kuyatenga mabati hayo yasikaribiane wala kuteleza. Kadiri yanavyotengana ndivyo bamba linavyozidi kukataa kupinda, na uzito hauongezeki sana, kwani katikati pana hewa zaidi kuliko madini.

Kiini hicho tunapendekeza kiitwe sega. Neno kamba, ambalo nalo hutumika kwa sega la nyuki, limekwisha elemewa na maana nyingine. Wako waandikao “sega la asali”, lakini asali haina kazi hapa: sega hili hufaa kwa sababu ni tupu. Bamba zima na liitwe bamba-sega, na mabati ya nje yaitwe ngozi. Neno jepesi nalo litumiwe kwa hadhari, maana msomaji wa “ndege nyepesi” hajui kama ameambiwa habari za uzito au za mwendo.

Penye hatari zaidi ni vitenzi. Tutazame ndege ya Marekani XB-70, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 21 Septemba, 1964. Ilikusudiwa kwenda mara tatu ya mwendo wa sauti. Katika mwendo huo ngozi hupata joto lipitalo nyuzi 200 za Selsiasi, nalo huidhoofisha alumini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ndege ilijengwa kwa bamba-sega za chuma cha pua kisichoshika kutu. Tarehe 14 Oktoba, 1965, ndege ya kwanza ilifikia mwendo huo, na kipande cha ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kikatoka.

Mfasiri akiandika kwamba ngozi “ilipasuka”, fundi atatafuta ufa katika chuma. Kumbe udhaifu ulikuwa katika kiungo cha ngozi na sega. Kiswahili kina neno lake: ilibanduka. Kilichobandikwa ndicho hubanduka, na kitenzi chenyewe humwonyesha fundi mahali pa kukagua.

Kwa sababu hiyo hiyo tusichanganye kulehemu na kuchomelea. Katika kuchomelea, vipande vyenyewe huyeyuka vikashikana; katika kulehemu huyeyuka madini ya kuungia tu. Ngozi za XB-70 zililehemiwa kwenye sega. Ndege ya pili ilipoundwa kwa uangalifu zaidi, kasoro hiyo ilikaribia kwisha, na tarehe 19 Mei, 1966, ilidumu katika mwendo ule kwa dakika 32.